Kuhama Mfumo Endeshi: Kutoka Dar es Salaam ya 2004 hadi Meza Yangu ya Karusandara



Kompyuta iliyo nyumbani kwangu ni ya mtumba. Niliinunua mjini Kasese miaka sita iliyopita, na ilikuwa imekwisha kutumika ughaibuni kabla ya kunifikia. Nilijua hivyo kwa kuitazama kibodi yake: herufi Z imechorwa mahali pa Y na Y mahali pa Z, kama Wajerumani wanavyozipanga. Kwa mwalimu wa Kiswahili, lugha isiyomaliza sentensi mbili bila Z, hiyo ilikuwa adhabu ndogo ya kila siku. Nikaizoea.

Mwaka jana lilikuja jambo lisilozoeleka. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliokuwa ukiiendesha mashine yangu. Mfumo uliofuata, Windows 11, unadai vifaa ambavyo kompyuta ya umri wa yangu haina. Nilikuwa na njia tatu: kubaki na mfumo usiolindwa, kununua mashine mpya, au kuuhama mfumo. Kuhusu mashine mpya sina haja ya kueleza sana. Msomaji wa Uganda anajua tofauti iliyopo tangu mwaka 2022 kati ya mshahara wa mwalimu wa sayansi na ule wa mwalimu wa lugha. Nikauhama mfumo. Sasa natumia Linux.

Makala haya ni historia ya njia niliyoipita. Nimeona niwaandikie ninyi mnaojifunza Kiswahili kwa sababu njia hiyo imepita katikati ya lugha hii, na kuna mahali imekatika.

Kwanza tuelewane juu ya istilahi. Mfumo endeshi ni programu inayoziongoza programu nyingine zote katika kompyuta. Neno “endeshi” limetokana na kitenzi “endesha”. Wengine husema “mfumo wa uendeshaji”, na hawajakosea. Ukitaka mfano wa hapa kwetu, fikiria msimamizi wa soko la Mpondwe, pale mpakani na Kongo. Msimamizi hauzi samaki wala hapimi mahindi, lakini ndiye anayegawa vibanda, anayefungua lango na anayeamua nani apite wapi na mzigo wake. Akilala, hakuna biashara. Akiwa mla rushwa, kila muuzaji ataumia hata kama bidhaa yake ni safi. Windows ni msimamizi mmojawapo. Linux ni mwingine.

Nina ungamo la kufanya kabla ya kuendelea. Windows niliyoihama sikuinunua. Fundi mmoja aliniwekea kwa bei ya soda mbili, nami sikumuuliza ameipata wapi, kwa kuwa nilijua. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006, na sheria hiyo inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu na nyimbo. Asubuhi nilikuwa nikifundisha insha juu ya wajibu wa raia. Jioni nilikuwa nikiandika maswali ya mtihani wa insha hiyohiyo kwa programu ya wizi. Sidhani kwamba nilikuwa peke yangu. Katika ofisi nyingi, shule nyingi na maduka mengi ya uchapishaji katika Afrika Mashariki, tumeishi hivyo kwa miaka mingi kiasi kwamba hatuoni tena kuwa kuna la kuulizwa. Hatukuona kwamba kulikuwa na njia nyingine halali, na kwamba njia hiyo ilikuwapo tangu wengi wetu tungali watoto.

Njia hiyo ilianza kwa ubishi. Mwaka 1983, huko Marekani, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Richard Stallman alitangaza kwamba ataunda mfumo endeshi ambao mtu yeyote ataruhusiwa kuutumia, kuuchunguza undani wake, kuubadilisha na kumgawia jirani. Aliuita GNU. Alichokipinga si kulipa fedha, bali kufungiwa: mtu ananunua programu, lakini haruhusiwi kuona imeandikwaje wala kuirekebisha ikimsumbua. Hapa Kiswahili kinatupa faida ambayo Kiingereza hakina. Kwa Kiingereza neno moja hubeba maana mbili, ya kutolipia na ya kutofungwa, na Stallman amekuwa akilifafanua neno hilo maisha yake yote. Sisi tuna “bure” na tuna “huru”, na kutokana na “huru” tumepata “huria”, kama katika “soko huria” na “chuo kikuu huria”. Programu ya aina hii tunaiita programu huria. Inaweza kuwa ya bure, inaweza kuuzwa. La msingi ni kwamba haijafungwa.

Stallman na wenzake waliunda sehemu nyingi za mfumo huo, lakini kiini chake, ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na vyuma vya mashine, kilichelewa. Kiini kilikuja kwa mlango mwingine. Mnamo Agosti 1991 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, aliwatangazia wenzake kwamba anaandika mfumo endeshi kwenye kompyuta yake ya nyumbani, kwa kujifurahisha tu. Mwaka uliofuata aliuweka chini ya leseni ya Stallman. Watu wa nchi nyingi wakaanza kuurekebisha na kuuongeza. Leo kiini hicho kinaendesha sehemu kubwa ya mashine zinazoibeba intaneti, na kimo pia ndani ya kila simu ya Android. Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, ikiwa una simu ya Android mfukoni, wewe ulianza kutumia Linux kabla ya mwalimu wako kuhama.

Barani kwetu jambo hili lilipata jina la Kiafrika. Mwezi wa Oktoba 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, alitoa toleo la kwanza la Ubuntu, mfumo unaotumia kiini cha Linux na uliokusudiwa mtu wa kawaida nyumbani. Neno lenyewe ni la lugha za Kinguni, lakini msomaji wa Kiswahili halihitaji kamusi. Mtu, utu. Waganda husema omuntu na obuntu. Wakonzo, wenyeji wa milima inayotuangalia hapa Karusandara, mtu humwita omundu. Ni mzizi mmoja uliotembea bara zima ukibadilisha viatu. Kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 2011, kampuni ya Shuttleworth ilituma santuri za Ubuntu kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeandika kuziomba. Mimi niliiona moja nikiwa mwanafunzi wa sekondari, mikononi mwa mwalimu wetu wa fizikia, ndani ya bahasha ya karatasi. Alituambia kwamba imetoka Ulaya na kwamba ni ya bure. Tulimcheka kimoyomoyo. Kwa akili zetu za wakati ule, kilichokuwa cha bure kilikuwa kibovu, au kilikuwa na mtego ndani yake.

Mwezi wa Oktoba 2004 Ubuntu. Mwezi wa Desemba mwaka uleule, Jambo. Hapa nakuomba usome polepole, kwa maana hii ndiyo sehemu ya historia ambayo vitabu vyetu vya kiada havina.

Katika Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na mradi ulioitwa Kilinux, jina lililoundwa kwa kuipa Linux kiambishi “ki-”, kile kile cha Kiswahili, Kikonzo na Kiingereza. Linux imefanywa kuwa lugha, imeingizwa katika ngeli. Mradi huo uliendeshwa pamoja na kampuni ya Kiswidi iitwayo IT+46, na fedha zilitoka Sida, shirika la misaada ya maendeleo la Sweden. Kazi yao ilikuwa kuzitafsiri programu huria kwa Kiswahili. Walianza na faharasa ya istilahi, kwa sababu huwezi kutafsiri maelfu ya sentensi fupifupi kabla ya kukubaliana neno moja litakuwa nini kila mahali. Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandika barua, kupiga hesabu na kuandaa maonyesho, yenye menyu za Kiswahili, ambayo mtu yeyote aliruhusiwa kuichukua, kuinakili na kuigawa.

Jirani zetu wa Kenya nao hawakukaa. Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton aliandaa orodha ya maneno ya Kiswahili inayoiwezesha programu kukagua tahajia. Jambo hili ni dogo kwa anayeandika Kiingereza. Kwa sisi si dogo hata kidogo. Aliyewahi kuandika ukurasa mzima wa Kiswahili kwenye kompyuta isiyokijua anaikumbuka ile mistari myekundu chini ya kila neno, kana kwamba lugha yako yote ni kosa. Nimewaona wanafunzi wakibadilisha neno sahihi kwa sababu mashine imelipigia mstari.

Kwa kuwa haki lazima itendeke kwa wote, niseme pia kwamba Microsoft haikulala. Juni 2004 ilitangaza mpango wa kuitafsiri Windows na programu zake za ofisi kwa Kiswahili, na baadaye ikazitoa, baada ya kuwashirikisha wataalamu wa lugha wa Afrika Mashariki. Basi katika kipindi kifupi Kiswahili kilipata tafsiri mbili kubwa, kila upande na faharasa yake. Tofauti haikuwa katika ubora wa Kiswahili. Tofauti ilikuwa hapa: tafsiri ya Microsoft ungeweza kuitumia ukiwa na Windows, lakini ukiona neno halifai hukuwa na la kufanya zaidi ya kulalamika. Tafsiri ya Dar es Salaam ungeweza kuifungua, kulifuta neno, kuliandika lako na kumgawia mwenzako. Ungeweza. Kama ulifanya hivyo ni suala jingine, nami nitalifikia.

Na Uganda? Tulikuwamo, ingawa si kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs kilichoko Nkozi, kando ya barabara ya Kampala kwenda Masaka, kilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuhamia programu huria hatua kwa hatua, kuanzia mitambo ya ndani hadi kompyuta za ofisi na za wanafunzi. Kilikuwa miongoni mwa taasisi za mwanzo katika eneo letu kufanya hivyo kwa mpango maalumu. Kilikutana na upinzani unaotabirika: watu hawataki kuhamishwa kutoka kwenye kitu walichokizoea, hata wakihakikishiwa kwamba kipya hakina gharama. Katika miaka hiyohiyo kundi la Waganda lilikitafsiri kivinjari cha Mozilla kwa Luganda. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ujuzi haukuwapo nchini. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwamba Kiswahili nacho ni chetu.

Mwaka 2005, wakati Jambo OpenOffice ikiwa bado changa, Bunge la Uganda lilirekebisha Katiba na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, kitumike kadiri Bunge litakavyoelekeza kwa sheria. Ilipofika Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 17. Mtoto aliyezaliwa siku Katiba iliporekebishwa alikuwa amefika kidato cha juu. Wazee wengi wa nchi hii walikijua Kiswahili kama lugha ya askari, lugha ya kuamriwa “kaa chini”, na hofu hiyo haifutwi kwa kifungu cha Katiba. Hapa Kasese hali ni tofauti kidogo. Siku ya soko huko Mpondwe, mwanamke wa Bwera na mwanamke wa Kongo hupatana bei ya vitenge kwa Kiswahili bila kumwogopa mtu. Lakini sokoni ni sokoni. Kwenye kompyuta hakuna aliyetusemea.

Hilo nililigundua usiku wa kuhama kwangu.

Nilichagua Linux Mint, mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu, kwa kuwa niliambiwa hauchoshi mashine kuukuu na sura yake haimtishi aliyetoka Windows. Kuupakua kuligharimu karibu gigabaiti tatu, nami nilinunua kifurushi cha usiku na kuiacha simu juu ya dirisha, upande wa mtandao mzuri. Niliuweka kwenye flashi, nikaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, nikaujaribu mfumo kwa siku mbili bila kuusakinisha. Hii ni fadhila ambayo wengi hawaijui: unaweza kuionja nyumba kabla ya kuhamia. Siku ya tatu nikabonyeza sakinisha. Programu iliniuliza kama nataka kuusakinisha mfumo mpya kando ya ule wa zamani au kuifuta diski yote. Nilikuwa nimenakili faili zangu. Niliamini nimenakili zote. Nikachagua kufuta.

Kulikuwa na kabrasha moja nililolisahau. Ndani yake mlikuwa na matayarisho ya masomo ya miaka mitatu, na sauti za wachuuzi wa Mpondwe nilizozirekodi kwa ruhusa yao, wakisimulia biashara ya samaki na kahawa kwa Kiswahili cha mpakani, chenye maneno ya Kifaransa na ya Kikonzo yaliyokaa vizuri kabisa. Nilizitumia darasani kuonyesha kwamba lugha moja ina lahaja nyingi. Matayarisho nimeyaandika upya, na pengine ni bora kuliko ya kwanza. Sauti hazikurudi. Simlaumu Torvalds wala Shuttleworth. Onyo lilikuwa kwenye skrini, tena kwa herufi nzito. Lilikuwa kwa Kiingereza, nami nilikuwa nimechoka, na macho yalilipitia kama yanavyopitia tangazo la kanisani lililozoeleka.

Mfumo ulipowaka, jambo la kwanza nililofanya ni kufungua mipangilio ya lugha. Nikatafuta Kiswahili. Kilikuwapo, tena mara mbili: Kiswahili cha Kenya na Kiswahili cha Tanzania. Cha Uganda hakikuwamo. Nikateremka orodha nzima nikitafuta jina la nchi yangu, nikalikuta kwenye mstari mmoja: Luganda, Uganda. Siwaonei wivu wasemaji wa Luganda. Wao walikwenda kudai nafasi yao, na nafasi inakaliwa na aliyefika. Lakini nilikaa pale kama mtu aliyesikia majina ya darasa lake yakiitwa hadi mwisho bila lake.

Unaweza kuuliza: Kiswahili si kilekile? Yafaa nini kukigawa kwa nchi? Swali ni zuri. Kompyuta haiangalii maneno peke yake. Chini ya jina la lugha na nchi huhifadhi namna ya kuandika tarehe, ishara ya fedha, siku ya kwanza ya juma na mengine kama hayo. Nilichagua Kiswahili cha Tanzania. Juma lililofuata nilikuwa nikitengeneza hesabu za kikundi chetu cha kuweka akiba, ambacho wanachama wake wengi ni wakulima wa mahindi wa tambarare hii. Nikabonyeza kitufe cha fedha, na michango yote ikageuka kuwa shilingi za Tanzania. Mweka hazina, mama mwenye umri wa mama yangu, aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole: “Mwalimu, fedha zetu zimekwenda Tanzania lini?” Nilirekebisha kwa mkono, safu moja baada ya nyingine.

Kiswahili chenyewe kilinifurahisha na kunihuzunisha kwa zamu. Kulikuwa na “Faili”, “Hariri”, “Zana”, “Msaada”. Mwanafunzi makini atanikatiza hapa na kusema kwamba hariri ni kitambaa laini. Ni kweli; hariri ya nguo na hariri ya kusahihisha andiko ni maneno mawili yanayofanana kwa sura, yote yametoka Kiarabu. Kulikuwa na “Hifadhi”, neno ambalo watoto wa Karusandara hawahitaji kufafanuliwa. Kwao hifadhi ni ile ya Malkia Elizabeth, inakotoka tembo usiku kuja kwenye mahindi. Nilipowaeleza kwamba kuhifadhi faili ni kuiweka mahali ambapo haitaharibiwa, mmoja alisema hifadhi anayoijua yeye inahifadhi tembo na kuharibu shamba. Sikuwa na jibu la haraka.

Lakini nilipoteremka ngazi moja chini ya menyu, Kiswahili kilikwisha. Dirisha moja lilikuwa na kichwa cha Kiswahili na mwili wa Kiingereza. Sentensi nyingine ilianza kwa lugha moja na kumalizikia kwa nyingine. Maonyo, yale hasa ambayo mtu angepaswa kuyaelewa kabla ya kubonyeza, yalikuwa kwa Kiingereza karibu yote. Nilijiuliza imekuwaje, miaka 21 baada ya Jambo.

Jibu limo katika tarehe. Jambo OpenOffice ilitoka Desemba 2004. Oktoba 2005, hata mwaka haujatimia, OpenOffice ikatoa toleo lake la 2.0, lenye menyu mpya na maneno mapya yanayohitaji tafsiri mpya. Mwaka 2010 wengi wa waundaji wake walijitenga na kuanzisha LibreOffice, ambayo ndiyo ninayoitumia sasa. Ubuntu hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita. Programu ni kama shamba la mpunga la Mubuku: mifereji ukiichimba mara moja na kuondoka, msimu wa tatu utakuta matope. Mradi wa wafadhili una mwanzo na mwisho. Una ripoti, una hafla ya uzinduzi. Programu haina mwisho. Vijana wa Dar es Salaam walifanya walilolifanya kwa uhodari, kisha, kama binadamu wote, wakahitimu, wakaajiriwa, wakahama. Milango waliyoifungua haikufungwa. Ni sisi ambao hatukuingia. Sisi walimu wa Kiswahili tuliendelea kubishana kwenye makongamano kama tuseme tarakilishi, ngamizi au kompyuta, na wanafunzi wangu wamekwisha kuniambia kwamba wakisikia “ngamizi” wanasikia “angamiza”. Wakati tukibishana juu ya jina la sanduku, maneno yaliyomo ndani ya sanduku yalikuwa yakibaki bila mtafsiri.

Sitaki nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuhama kuna gharama zake. Mtihani wa kwanza nilioupeleka kwenye duka la uchapishaji ulitoka umevurugika, maswali ya ukurasa wa kwanza yameangukia wa pili, kwa kuwa kompyuta yao inatumia programu nyingine. Sasa napeleka PDF, na PDF haibadiliki. Printa ya rafiki yangu ilikataa kunitambua kwa siku nne. Na mwenzangu wa somo la kompyuta ananiambia, kwa haki, kwamba mwanafunzi atakayetafuta kazi atakuta Windows ofisini, kwa hiyo afundishwe Windows. Nami humjibu kwamba aliyejifunza kuendesha baiskeli ya aina moja haanguki akipewa ya aina nyingine, naye hajakubali bado.

Tafsiri za Ubuntu na za Linux Mint hufanyika kwenye tovuti iitwayo Launchpad. Mtu hujiandikisha, huchagua lugha yake, huletewa sentensi moja ya Kiingereza na nafasi tupu chini yake. Akiijaza, pendekezo lake husubiri kuhakikiwa. Muhula huu nimekuwa nikiziandika ubaoni sentensi mbili au tatu kila Ijumaa kwa wanafunzi wa kidato cha pili, ambao Kiswahili kwao ni somo la lazima kwa mtaala wa mwaka 2020. Hawajui kwamba ni zoezi la sarufi.

Ijumaa iliyopita tulikuwa na neno moja tu: lile la kuamuru kompyuta ifute tendo la mwisho na kurudi ilivyokuwa. Walianza na “rudi”, wakalikataa. Msichana mmoja akakumbuka funga na fungua, ziba na zibua, tata na tatua, akasema kwamba Kiswahili kina kiambishi cha kugeuza tendo, basi tenda itakuwa “tendua”. Mvulana anayesikiliza sana redio za Tanzania akapinga: neno lipo tayari, nalo ni “tengua”, kwani Rais akimwondoa waziri hutangazwa kwamba uteuzi wake umetenguliwa. Msichana akamjibu kwamba waziri aliyetenguliwa hakufutwa, bado yupo, amenuna nyumbani. Kengele ililia wakiwa bado wanabishana, na wachache walibaki.

Jioni nililiandika “tendua” na kulituma. Linasubiri mhakiki. Barua ya pili, ya kuomba Kiswahili cha Uganda kiwekwe kwenye ile orodha ya lugha na nchi, bado naitunga, kwa kuwa fomu yake inauliza mambo ambayo sikuwahi kuyafikiri: Waganda wanaoandika Kiswahili hufupisha vipi jina la mwezi wa Septemba, na juma letu huanza siku gani.